Serikalini, kampuni binafsi au mradi wa wafadhili: ulinganisho kwa mtaalamu anayetaka kuhama kazi

Mhasibu wa kampuni ya usafirishaji jijini Dar es Salaam ameitwa kwenye usaili wa nafasi ya serikali Dodoma. Afisa TEHAMA wa halmashauri amepigiwa simu na benki. Mtaalamu wa ufuatiliaji na tathmini, ambaye mkataba wake wa mradi unaisha mwezi Septemba, anaulizwa na wazazi wake kila anapokwenda kuwasalimu ni lini atatafuta kazi ya kueleweka. Wote watatu huanza kwa kulinganisha mishahara, na hapo ndipo hesabu huanza kwenda upande, kwa kuwa waajiri hawa watatu wanatofautiana zaidi katika milango yao kuliko katika malipo yao: namna wanavyompokea mtu, na namna wanavyomwachia aende.

Ulinganisho huu unahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina utumishi wake wa umma na mfuko wake wa hifadhi ya jamii, na baadhi ya yatakayosemwa hapa hayatumiki huko.

## Vigezo

Kila njia itapimwa kwa mambo matano. La kwanza ni kuingia: nafasi hutangazwa wapi, nani anaruhusiwa kuomba, na kinachoamua ni nini. La pili ni malipo, kwa maana ya fedha zinazobaki baada ya makato pamoja na zile zinazowekwa kwa ajili ya uzee. La tatu ni usalama wa ajira, la nne ni kukua kikazi, na la tano ni kutoka. Hili la tano nimelipa uzito kuliko mengine, kwa sababu anayehama kazi mara moja kwa kawaida atahama tena, na masharti ya kuhama mara ya pili yanaandikwa kwenye mkataba anaousaini leo akiwa na furaha ya kupata kazi.

## Utumishi wa umma

Kuingia. Nafasi nyingi za serikali na taasisi zake hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hufanyika kwenye mfumo wake wa Ajira Portal. Mwombaji huambatisha barua iliyosainiwa, wasifu wenye majina ya wadhamini, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya taaluma. Hati za matokeo ya kidato cha nne na cha sita hazipokelewi badala ya vyeti vyenyewe, na aliyesoma nje ya nchi lazima vyeti vyake viwe vimehakikiwa na mamlaka husika, kama TCU kwa vyuo vikuu. Ukali huu una historia. Mwezi Aprili 2017 taarifa ya uhakiki iliyokabidhiwa kwa Rais John Magufuli ilitaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa kazini. Tangu hapo jina lililoandikwa kwa herufi tofauti kwenye vyeti viwili si jambo la kupuuzwa, na mwenye tatizo hilo alimalize kwa hati ya kisheria kabla ya tangazo kutoka.

Baada ya maombi huja mtihani wa mchujo, kisha kwa baadhi ya kada mtihani wa vitendo, na mwisho mahojiano ya ana kwa ana. Anayefaulu bila kupata nafasi huweza kuwekwa kwenye kanzidata na kuitwa baadaye, na ndiyo maana wapo watu walioona majina yao kwenye tangazo la kuitwa kazini wakiwa wameshasahau kwamba waliwahi kufanya usaili. Njia hii ni ndefu, lakini haimuulizi mtu anamjua nani, na kwa mtoto wa mkulima asiye na jamaa yeyote ofisini hilo ni jambo kubwa.

Masharti mawili yanamgusa moja kwa moja anayetoka sekta binafsi. Matangazo huweka ukomo wa umri wa miaka 45 kwa mtu ambaye hayumo serikalini. Aidha, nafasi nyingi zinazotangazwa ni za kuingilia, kwa mfano Afisa Daraja la II, ambapo mwenye uzoefu wa miaka minane kwenye kampuni huanza ngazi moja na aliyehitimu juzi.

Malipo. Tangazo halitaji kiasi, hutaja ngazi ya mshahara, kama vile TGS D, na hakuna majadiliano. Mfuko wake wa pensheni ni PSSSF, ulioanza mwaka 2018 baada ya mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF kuunganishwa; mtumishi hukatwa asilimia 5 na mwajiri huongeza asilimia 15. Bima ya afya ni ya NHIF, kwa asilimia 3 ya mtumishi na 3 ya mwajiri. Posho hutegemea sana taasisi, na watumishi wawili wa ngazi moja, mmoja akiwa halmashauri ya pembezoni na mwingine kwenye mamlaka yenye mapato yake, wanaweza kuishi maisha yasiyofanana hata kidogo.

Usalama. Ajira huwa ya masharti ya kudumu na malipo ya uzeeni, baada ya majaribio ya miezi 12 na kuthibitishwa kazini. Kustaafu ni miaka 60 kwa lazima na 55 kwa hiari. Kumwondoa mtumishi aliyethibitishwa kunahitaji mchakato wa nidhamu wenye ngazi zake, na asiyeridhika hukata rufaa kwanza ndani ya mfumo wa utumishi wa umma, hadi Tume ya Utumishi wa Umma, kabla ya kufikiria vyombo vingine.

Kukua. Hapa watu huchanganya mambo mawili. Usalama wa kubaki kazini hauna maana kwamba utapanda. Kupanda daraja hufuata muundo wa utumishi wa kada yako, tathmini ya utendaji ambayo sasa hujazwa kwenye mfumo wa PEPMIS uliochukua nafasi ya OPRAS, na bajeti ya ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, ya mwaka husika. Mwaka 2016 serikali ilisitisha ajira mpya na upandishaji wa madaraja wakati wa kuwasaka watumishi hewa, na walioathirika walikaa miaka kadhaa kwenye daraja lilelile, bila kosa lao. Kwa upande mwingine, ruhusa ya masomo ya kulipwa mshahara ukiwa darasani ni faida ambayo kampuni chache sana huweza kuitoa.

Kutoka. Watumishi wengi huja kugundua masharti ya mlango huu wakiwa wameshaingia. Tangazo la Ajira Portal husema wazi kwamba walio tayari kwenye utumishi wa umma katika nafasi za kuingilia wasiombe nafasi nyingine za kuingilia, kwa mujibu wa waraka wa tarehe 30 Novemba 2010. Na aliyepata sifa za kada nyingine hupitisha barua yake kwa mwajiri wake. Maana yake ni kwamba anayekubali kupangiwa halmashauri ya mbali kwa matumaini ya kuomba tena mamlaka fulani mwaka unaofuata, amejifungia mlango alioupanga. Kinachobaki ni uhamisho, ambao siku hizi huombwa kwa ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi, na ule wa kubadilishana na mtumishi wa kada yako mara nyingi huwa mwepesi kuliko ule wa kuomba nafasi iliyo wazi. Kutoka kabisa kwenda sekta binafsi si kugumu kisheria; kugumu ni kurudi, kwa kuwa anayejiuzulu hurudi kupanga foleni na wengine, tena chini ya ukomo ule wa umri.

Inamfaa nani. Mwenye kada ambayo mwajiri wake mkuu ni serikali, mwenye subira, aliye tayari kuishi Kakonko au Tandahimba kama atakavyoishi Dodoma, na anayetaka kujenga, kusomesha na kukopa benki kwa dhamana ya mshahara usiokatika.

## Kampuni binafsi

Kuingia. Matangazo huwekwa kwenye tovuti za kampuni, LinkedIn na tovuti za ajira, na mengine hupitia mawakala wanaolipwa na mwajiri. Wakala wa serikali, TaESA, naye huunganisha watafuta kazi na waajiri. Hata hivyo nafasi nyingi za ngazi ya kati hujazwa kabla ya kutangazwa, kwa mtu kumpendekeza aliyewahi kufanya naye kazi. Watu huliita jambo hili kujuana na kulilaumu lote kwa pamoja, ingawa kuna tofauti kati ya mjomba anayemwingiza mpwa wake asiyejua kitu na meneja anayesema, "Huyu nilimwona akifunga hesabu za mwaka, mchukueni." Huyo wa pili hununuliwa kwa kazi nzuri tu.

Yeyote anayekudai ada ya usaili, ya vipimo au ya fomu, muache aende zake.

Malipo. Mshahara hujadiliwa, na aliyeko kazini hujadili akiwa na nguvu kuliko asiye na kazi. Mfuko ni NSSF: mchango ni asilimia 20, na mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya nusu yake. Hesabu hii ni vyema ifanywe kwa kalamu. Kwa mshahara wa shilingi 1,200,000, mtumishi wa umma hukatwa 60,000 kwa ajili ya PSSSF, na wa kampuni hukatwa hadi 120,000 kwa ajili ya NSSF, ingawa jumla inayoingia kwenye mfuko ni ileile 240,000. Kampuni inayokupa ongezeko la 50,000 juu ya mshahara wa serikali inaweza kukuacha na fedha pungufu mkononi kuliko ulivyokuwa. Uliza pia kama mshahara uliotajwa ni kabla au baada ya makato. Nimeona watu wakisaini wakidhani ni baada.

Usalama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28, na inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki anapomwachisha kazi. Kinga hiyo haimhusu aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo chini ya miezi sita, kwa hiyo nusu mwaka wa kwanza baada ya kuhama ndio wakati ambao mtu yuko wazi kuliko wakati wowote. Anayeachishwa isivyo haki ana siku 30 tu za kupeleka malalamiko yake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na wengi huzimaliza wakisubiri kuitwa kwa mazungumzo ambayo hayaji. Aliyetimiza mwaka mmoja na kuondolewa na mwajiri huwa na haki ya kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi, isipokuwa kama aliondolewa kihalali kwa utovu wa nidhamu. Si fedha ya kumvusha mtu mbali.

Kukua. Kasi ndiyo sifa ya kampuni. Mtu anaweza kuwa mkuu wa kitengo akiwa na miaka 30, na anaweza pia kukaa miaka sita mezani pale pale kwa sababu kampuni ni ya familia na ukoo una watu wa kutosha. Kabla ya kusaini, waulizie waliokitangulia cheo hicho, walikwenda wapi baada yake.

Kutoka. Kwa mkataba usio na kikomo na mshahara wa mwezi, notisi ya chini kisheria ni siku 28, na huu ndio mlango mwepesi kuliko yote mitatu, isipokuwa pale mkataba wenyewe ulipoweka notisi ndefu zaidi. Soma pia vifungu vya kurejesha gharama za mafunzo na vya kutofanya kazi kwa mshindani. Ukiondoka, dai cheti cha utumishi; ni haki yako kisheria, na mwajiri ajaye akikihitaji miaka mitatu baadaye, ofisi hiyo huenda imehamia mtaa usioujua.

Inamfaa nani. Mwenye taaluma inayotafutwa na waajiri wengi, kama uhasibu, uhandisi, TEHAMA au mauzo, anayependa kupimwa kwa matokeo, na mwenye akiba ya kumvusha miezi kadhaa mambo yakigeuka.

## Mradi wa wafadhili

Kuingia. Mashirika hutangaza, na usaili wake huzingatia ushahidi wa kazi uliyofanya: takwimu ulizochakata, taarifa ulizoandika, wilaya ulizofikia. Lugha ya Kiingereza cha kuandika huamua mengi. Kuna pia njia ambayo wageni hawaijui: shirika linapoomba fedha za mradi hukusanya wasifu wa wataalamu litakaowatumia likishinda, na aliyekubali jina lake liingizwe kwenye andiko hilo huwa mbele ya wote tangazo likitoka.

Malipo. Kwa kada nyingi za kati, hapa ndipo mshahara ulipo mkubwa kuliko kwingine, pamoja na bima nzuri, posho za kujikimu za safari na wakati mwingine malipo ya mwisho wa mkataba. Ukubwa huo una sababu yake: sehemu yake ni malipo ya miezi ambayo hutakuwa na kazi. Anayeuchukulia wote kuwa wa kutumia, akapanga nyumba na kuchukua gari la mkopo kwa kiwango hicho, atashangazwa na mwezi wa kwanza baada ya mradi kufungwa.

Usalama. Sheria inaruhusu mkataba wa muda maalumu kwa wataalamu na mameneja, na mikataba mingi ya miradi ni ya namna hiyo, ya mwaka mmoja mmoja. Muda ukifika ajira huisha yenyewe. Ukiendelea na kazi baada ya tarehe ya mwisho bila karatasi mpya, au ukiwa umepewa sababu za msingi za kutarajia kuongezewa muda, sheria inaweza kukulinda, lakini ni lazima uwe na ushahidi wa maandishi. Maneno ya bosi kwenye kikao cha Ijumaa hayatoshi.

Mwaka 2025 ulitufundisha kwamba hata tarehe iliyoandikwa haitoshi. Tarehe 20 Januari, siku aliyoapishwa, Rais Donald Trump wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya maendeleo kwa siku 90. Siku chache baadaye zikafuata barua za kusitisha kazi, na kufikia tarehe 1 Julai USAID, shirika la misaada la Marekani, lilikuwa limekoma kuendesha programu zake. Nchini Tanzania, ambako huduma nyingi za UKIMWI, kifua kikuu na malaria ziliegemea fedha hizo, watu waliokuwa na mikataba ya mwaka mzima walijikuta nyumbani kabla ya robo ya kwanza kwisha. Kosa halikuwa la utendaji wao, wala la mashirika yao. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwajiri wa mradi ni hili: fedha zinatoka kwa nani, zimebaki miaka mingapi, na shirika lina wafadhili wengine wangapi?

Kukua. Ujuzi hukua haraka, cheo hukua kwa kuruka kutoka mradi hadi mradi. Mtu wa miaka saba kwenye miradi mitatu huwa amesimamia bajeti na watu kuliko mwenzake wa serikalini wa umri huohuo, lakini hana ngazi inayomsubiri.

Kutoka. Wengi hudhani mkataba mfupi ni mkataba mwepesi. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinasema aliyeajiriwa kwa muda maalumu anaweza kujiuzulu kabla ya muda kwisha pale tu mwajiri anapovunja mkataba kwa kiasi kikubwa. Vinginevyo lazima wakubaliane. Ndiyo maana kifungu cha notisi kwenye mkataba wa mradi ni cha thamani: kikiwepo, una mlango; kisipokuwepo, omba kiwekwe kabla ya kusaini, kwa kuwa usaili wa serikali au wa benki unaweza kukuita katikati ya mwaka.

Inamfaa nani. Mwenye nidhamu ya fedha, asiyeogopa kuandika maombi kila baada ya mwaka, ambaye ujuzi wake unauzika pia nje ya miradi.

## Makato yanayokufuata popote

Mkopo wa elimu ya juu wa HESLB hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kwa waajiri wote watatu, na kodi ya mapato hufikia asilimia 30 kwa sehemu ya mshahara inayozidi 1,000,000 kwa mwezi. Usikubali hoja ya kwamba fulani hawakati HESLB. Deni halifutiki, linasubiri. Anayevuka kati ya serikali na sekta binafsi hubadilisha mfuko wa pensheni pia, hivyo aulize mifuko yote miwili, kwa maandishi, vipindi vyake vya uchangiaji vitajumlishwaje, kwa sababu pensheni ya uzee hudai miezi 180 ya michango.

## Kwa hali yako

Ukiwa na miaka 42 kwenye kampuni na bado unaitamani serikali, saa yako ni ile ya miaka 45, na mchakato wenyewe unaweza kula mwaka. Omba sasa, huku ukijua kwamba utaanzia chini. Mwenye miaka 28 hana haraka hiyo, na anaweza kutumia miaka mitano kwenye kampuni au mradi kujifunza yale ambayo ofisi ya umma itamchelewesha kuyafikia.

Ukiwa serikalini, hujathibitishwa, na benki imekupigia simu, linganisha mshahara wa benki baada ya makato, kisha jiulize kama ungekubali kutorudi tena serikalini. Jibu likiwa ndiyo, nenda. Likiwa ni kusitasita, jaribu kwanza uhamisho.

Ukiwa na mwenza mwenye ajira ya kudumu, nyumba yenu inaweza kubeba hatari ya mradi mmoja. Ninyi nyote wawili mkiwa kwenye miradi, hasa ya mfadhili mmoja, mmoja wenu atafute mlango mwingine hata kwa mshahara mdogo.

Ukiwa unamtegemea mgonjwa wa kudumu nyumbani, tazama bima kabla ya mshahara: nani anaingia kama mtegemezi, na kinga inaisha siku gani baada ya ajira kukoma. Mwenye mzazi anayesafishwa damu mara mbili kwa wiki hawezi kukaa hata mwezi mmoja kati ya kazi na kazi, na kwake tarehe ya kuanza kazi mpya ina uzito kuliko chochote kingine kilichoandikwa kwenye barua ya ajira.